Kibonyeze kitabu kama nyanya: namna ya kumchagulia mtoto hadithi

Nina duka la steshenari Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Nauza madaftari, kalamu, manila na gundi, natoa fotokopi, na upande wa kushoto kuna rafu moja ya mbao yenye vitabu vya hadithi vya watoto. Rafu hiyo hainilipii hata pango la mwezi mmoja. Pango linalipwa na fotokopi za vyeti vya kuzaliwa. Lakini ndiyo rafu ninayoipangusa vumbi kila asubuhi, na kwa miaka kumi na minne nimekaa nyuma ya kaunta nikitazama wazazi wanavyochagua. Niseme bila kuwaonea haya wateja wangu: wengi wanachagua vibaya.

Mama anaingia. "Shikamoo mzee, una kitabu cha hadithi cha mtoto wa darasa la pili?" Namwonyesha rafu. Anapitisha macho kwenye majalada, anachomoa lenye rangi kali, anageuza nyuma kutafuta bei, anaomba apunguziwe mia tano, analipa, anaondoka. Kitabu hakikufunguliwa hata mara moja. Mama huyo huyo akitoka hapa akaenda sokoni, nyanya atazibonyeza moja moja, na iliyolegea atairudisha kwenye fungu.

Basi haya ni maelekezo ya kubonyeza kitabu.

Anza na ulimi

Fungua katikati. Usianze ukurasa wa kwanza, maana huo mwandishi na mhariri wameusugua mpaka unang'aa. Nenda wa saba au wa nane, usome kwa sauti, hapo hapo dukani. Wateja wengine watakutazama, waache watazame. Kitabu cha mtoto mdogo kimeandikwa kisomwe kwa sauti, ama na mzazi ama na mtoto mwenyewe anayejifunza, kwa hiyo kikikukwama wewe mdomoni, mtoto kitamnyonga.

Chukua mistari hii, nimeitunga mwenyewe ili nisimtaje mtu:

"Mbuzi wa Bibi amepotea. Yuko wapi? Hayuko zizini. Hayuko mgombani."

Na hii:

"Walipokuwa wakiendelea kumtafuta mbuzi aliyepotea, hawakufanikiwa kumpata mahali popote."

Jambo ni lile lile. Sasa mkumbuke mtoto wa darasa la kwanza anavyosoma: kidole chini ya neno, silabi baada ya silabi. "Ha-wa-ku-fa-ni-ki-wa." Silabi saba. Kiswahili chetu kinaweka kukanusha mwanzoni mwa neno, pale kwenye "ha". Mtoto akifika "ki-wa" jasho linamtoka na ile "ha" ameshaisahau zamani. Kichwani mwake kilichobaki ni kufanikiwa. Anafungua ukurasa unaofuata akidhani mbuzi amepatikana, anakuta watu bado wanatafuta, anachanganyikiwa, anafunga kitabu. Nyumbani wanasema mtoto hapendi kusoma.

Kwa hiyo kwa wale wa mwanzo, tazama urefu wa maneno kabla hujatazama urefu wa kitabu. Maneno ya silabi mbili, tatu, nne, na moja moja refu la kumchangamsha. Tazama pia kama kitabu kilichoandikwa "hatua ya kwanza" kinammwagia "mbw", "nyw" na "ng'" kwenye ukurasa mmoja. Mwalimu wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, anayajua haya. Anaanza na irabu, anakwenda konsonanti rahisi, zile nzito zinafuata baadaye. Kuna waandishi ambao hawajawahi kukaa darasani na watoto sitini, na inaonekana.

Kipimo cha vidole, na kwa nini kinatudanganya

Kipo kipimo ambacho wenye vitabu vya Kiingereza wanakipenda. Mtoto anafungua ukurasa wowote, anasoma, kila neno linalomshinda anainua kidole. Vidole vitano vikisimama, kitabu ni kigumu, kirudishwe. Nilikitumia hapa dukani mwaka mzima, na kila mtoto aliondoka na kitabu kikubwa kupita umri wake.

Kosa nililigundua kwa mtoto wa jirani, binti wa miaka minane, aliyenisomea ukurasa mzima bila kukwama popote, kidole hakuinua hata kimoja. Nikamuuliza, "Ghala ni nini?" Akanitazama. "Sijui babu." "Na kuafiki?" Hajui. Alikuwa amesoma ukurasa wenye maneno tisa asiyoyajua.

Kiingereza kinamkwamisha mtoto kwenye kutamka. Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa. Ukishazijua silabi utasoma hata mkataba wa benki. Kwa hiyo kwetu usimwambie mtoto ainue kidole kwa neno lililomshinda kusoma. Mwambie ainue kwa neno ambalo hawezi kukuonyesha. Akikutana na "beseni", aoneshe umbo lake kwa mikono. Akikutana na "kunyata", anyate. Neno asiloweza kulionyesha wala kulisema kwa namna nyingine, hilo ni kidole. Mimi naruhusu vitatu kwa ukurasa. Kisipokuwapo hata kimoja, kitabu hicho hakitamwachia neno jipya, na kumi na mbili ni mateso.

Sikiliza kama kinapiga kelele

Mtoto wa miaka mitatu, minne, hadithi anaisikia kwanza kama ngoma. Lugha yetu imejaliwa tanakali za sauti mpaka zimemwagika, na bado nafungua vitabu vya watoto kurasa ishirini na nne sioni hata moja. Nazi inaanguka kutoka mnazini, mwandishi anaandika "nazi ilianguka kwa kishindo kikubwa". Kishindo gani? Bibi yangu angesema nazi imeanguka pu! Jiwe limetumbukia mtoni chubwi! Usiku ulikuwa giza totoro, nyumba ikawa kimya jii, mtoto kalala fofofo, shuka nyeupe pee. Kitabu chenye vitu hivi ukikisoma mara mbili, mara ya tatu mtoto anasema "chubwi" kabla yako. Hapo ameanza kusoma, ingawa herufi hazijui.

Vivyo hivyo na maneno yanayorudi. Bibi zetu hawakuwa na karatasi, walijua kwamba hadithi isiyo na kiitikio haishikiki. Ndiyo maana kulikuwa na paukwa pakawa, ndiyo maana sungura aliimba wimbo ule ule kila alipofika kwenye mlango. Kitabu cha picha kizuri mara nyingi kina sentensi moja inayorejea kila baada ya kurasa mbili, na mara ya mwisho inageuka kidogo. Itafute hiyo sentensi. Usipoiona, si lazima kitabu kiwe kibovu, ila basi kiwe na kitu kingine cha kumshika mtoto.

Hapa niseme na vya tafsiri. Vipo vizuri sana. Vingine vimetafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufika kwingine. Dalili yake ni "yeye". Ukiona "Yeye alichukua kofia yake na yeye akaiweka juu ya kichwa chake", ujue Kiingereza kiko chini ya godoro. Mswahili anasema "akavaa kofia". Maneno mawili.

Na cha kutoka Kenya usikikatae kwa sababu mtoto atakutana na matatu na tarakilishi badala ya daladala na kompyuta. Mweleze tu. Watoto wanafurahia kujua kwamba jirani anaita kitu kile kile kwa jina jingine. Ni sisi wakubwa tunaonuna.

Paka wa kwenye picha

Sasa picha, na hapa nitakaa kidogo.

Nina kitabu kimoja chembamba, jalada lake lilishakwisha. Ukurasa wa tano unasema: "Bibi anachoma vitumbua." Basi, hayo ndiyo maneno yote. Kwenye picha bibi amekaa kwenye kibao, chuma cha vitumbua kiko jikoni, mkono mmoja umeshika upawa wa uji wa mchele, mwingine kijiti cha kugeuzia. Pembeni kuna sinia lenye vitumbua vilivyoiva. Nilikuwa nimekisomea watoto kitabu hicho labda mara kumi. Siku moja kijana mdogo, hajaanza hata shule, akaniwekea kidole kwenye karatasi.

"Babu, paka ameiba."

"Paka gani?"

Chini ya sinia, nyuma ya pindo la kanga ya bibi, palikuwa na mkia. Mkia tu. Nikageuza ukurasa wa sita: kwenye sinia kimepungua kitumbua kimoja. Wa saba, vimepungua viwili, na mkia umehamia upande wa pili. Maneno hayasemi kitu juu ya paka mpaka ukurasa wa kumi na nne, pale bibi anapohesabu vitumbua vyake. Mchoraji alikuwa anasimulia hadithi ya pili chini ya pua yangu, na mimi na miwani yangu nilikuwa nasoma herufi.

Hicho ndicho ninachotafuta tangu siku ile. Funika maneno kwa kiganja, tazama picha peke yake. Je, inakuambia kitu ambacho maneno hayajasema? Kama maneno yanasema "Asha ana mpira mwekundu" na picha ni Asha na mpira mwekundu, hiyo ni picha ya kwenye chati ya ukutani. Inafaa kufundishia neno "mpira". Haifai kumfanya mtoto aombe kurudia.

Kisha tafuta makosa, kwa sababu mtoto atayatafuta. Maneno yakisema vifaranga sita, hesabu. Mara mbili nimekuta vifaranga watano, na mara zote aliyegundua alikuwa na umri chini ya miaka saba. Tazama jembe limeshikwaje. Tazama kanga: maandishi yake yanakaa kwenye pindo la chini na yanasomeka, nimeona bibi aliyevaa kanga kichwa chini, na akina mama hapa dukani walicheka mpaka wakanunua kitabu kwa kicheko. Tazama nyumba. Kama kila kijiji kwenye kitabu ni vibanda vya duara vya nyasi na twiga amesimama nyuma, mchoraji alichora kwa ajili ya watalii. Watoto wa Kihonda, hapa Morogoro, wanaishi kwenye nyumba za tofali na bati, wana milima ya Uluguru dirishani na bodaboda mlangoni, na wanastahili kuziona kitabuni pia.

Na jina la mchoraji je, lipo? Kwenye jalada, au angalau ukurasa wa ndani? Wachapishaji wanaoandika "Michoro na fulani" kwa herufi za kuonekana mara nyingi ndio waliomlipa fulani huyo vizuri akapata muda wa kuficha paka.

Kipya, au koti jipya?

Wateja wanapenda kuniuliza, "Hiki ni kipya?" Jalada likiwaka wanaamini. Geuza karatasi ya kwanza utafute ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo. Hapo pameandikwa mwaka wa toleo la kwanza na miaka kilipochapwa tena. Kitabu kinaweza kuwa kimechapwa mwaka jana na kuandikwa kabla mama wa mtoto hajazaliwa. Hakuna dhambi, hadithi nzuri haichachi, lakini ujue unachonunua. Ukikuta mtoto kwenye hadithi ametumwa dukani na senti hamsini akarudi na chenji, hilo ni koti jipya kwa mzee wa siku nyingi.

Kwenye ISBN, namba ndefu ya utambulisho wa kitabu iliyo juu ya mistari ya mashine, baada ya 978, tazama tarakimu zinazofuata. 9976 au 9987 ni Tanzania, 9966 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Siyo kipimo cha ubora. Ni namna ya kujua kitabu kimetoka nyumba gani, maana ukipenda kimoja utataka vingine vya nyumba hiyo hiyo.

Vijana hawajui kwamba rafu ya namna hii ilikuwa tupu. Miaka ya themanini karatasi ilikuwa shida, na duka likiwa na kitabu kilikuwa cha kiada. Mwaka 1991 palianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ambao uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, na mwaka huo huo mchapishaji Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota, nyumba ambayo mpaka leo inatoa vitabu vya watoto vyenye picha za kutazamika. Siku hizi hata Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imewafungulia mlango waandishi wa hadithi za watoto. Ukifika Dar, Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi ina sehemu ya watoto. Mpeleke mtoto akajaribu huko kabla hujatoa hela huku. Najiharibia biashara, najua.

Maswali ya nyuma

Vitabu vya ziada vingi vinamalizika kwa ukurasa wa maswali. "Bibi alichoma nini?" "Paka aliiba vitumbua vingapi?" "Hadithi hii inatufundisha nini?" Naelewa vilikotoka: mchapishaji anataka kuuza shuleni, shule inataka zoezi la ufahamu. Lakini mtoto aliyetoka kucheka na paka, ukimwambia sasa jibu maswali manne, umemwaga maji kwenye moto. Mimi kwenye nakala zangu za kusomea kurasa hizo nazibana kwa pini mbili, ya juu na ya chini. Hazichanwi, zinabanwa. Mwalimu akizihitaji atabandua. Watoto wananiita Babu Stepla, na nadhani wanadhani nimeficha mambo ya wakubwa mle ndani.

Kuhusu hadithi zinazomkamata mhusika ukurasa wa mwisho zikamtia mahubirini, "Tangu siku hiyo Juma akawa mtoto mtiifu", ruka tu. Soma mpaka pale Juma alipoanguka kwenye tope, halafu funga kitabu. Hakuna aliyewahi kunidai ukurasa uliobaki.

Hesabu kurasa, tafadhali

Hili lilinitia aibu. Nililetewa boksi zima na mchapishaji mmoja, nikauza nakala sita kwa shule moja kabla sijafungua hata moja. Mwalimu akarudi nazo zote mkononi. Ukurasa wa 8 ulifuatiwa na wa 17. Paka aliingia jikoni, halafu watu wako harusini. Kipande kizima hakikuwekwa wakati wa kubana. Nilirudisha hela, na boksi lilirudi lilikotoka kwa nauli yangu.

Kwa hiyo pitisha kurasa zote kwa kidole gumba. Fungua kitabu kabisa katikati uone pini: mbili, zimekunjwa ndani vizuri, hazina kutu. Kilichobanwa kwa gundi mgongoni kifungue kidogo usikie. Kikilia "krrr" kitaachia karatasi mwezi wa pili. Kwa mtoto chini ya miaka sita nunua chenye pini, acha cha gundi.

Wakubwa kidogo

Wa miaka tisa hadi kumi na mbili wana shida nyingine. Wameshachoka picha, na riwaya bado nzito. Watafutie vya sura fupi fupi, kurasa sitini hadi mia. Kipimo changu ni kimoja: soma sentensi ya mwisho ya sura ya kwanza. Kama sura inaishia watu wamelala usingizi mnono, rudisha. Kama inaishia mtu anagonga mlango usiku, lipa. Na umwache mtoto achague mwenyewe. Kijana wa miaka kumi na moja aliyechaguliwa kitabu na baba yake atakitumia kusawazishia meza.

Vya bure, na namna ya kuvishona

Wengine mtaniambia, mzee, kitabu kimoja kwako shilingi elfu nne, na nina watoto watatu. Sawa. Kuna hazina tatu za vitabu vya picha mtandaoni zinazoruhusu kupakua bila malipo, na zote zina vya Kiswahili. African Storybook ilianza mwaka 2014 Afrika Kusini. Hadithi zake nyingi zimetungwa na walimu na wakutubi wa huku kwetu Afrika. StoryWeaver ni ya Pratham Books ya India, ya mwaka 2015. Na Book Dash, nayo ya Afrika Kusini, inakusanya waandishi, wachoraji na wahariri wanaojitolea, wanakaa siku moja, na jioni kitabu kimekamilika. Picha za Book Dash ndizo zinazonivutia zaidi; kwa Kiswahili, vipime kwa ulimi kama nilivyosema, kwa sababu tafsiri hazilingani. Leseni za hazina hizi zinaruhusu kuchapa na kugawa mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Kuuza ni habari nyingine. Baadhi zinaruhusu, baadhi hapana. Soma maandishi madogo.

Kwenye simu usimsomee mtoto wa miaka minne. Atabonyeza kila kitu isipokuwa hadithi. Chapa.

Kitabu cha kurasa 16 kinakula karatasi nne za A4, zikichapwa pande mbili na kukunjwa kati. Mwambie kijana wa steshenari achague mpangilio wa kijitabu na ageuze kwa ukingo mfupi. Akikosea hapo, nusu ya kurasa zitakuwa zimepindukia miguu juu. Kabla hajachapa nakala ishirini, mwombe moja ya majaribio, uihakiki kwa hesabu hii: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha, lazima zitoe 17. Karatasi ya nje ina 16 kushoto na 1 kulia. Nyuma yake 2 kushoto na 15 kulia. Kitabu cha kurasa 24 jumla ni 25, na karatasi ni sita. Jalada liwe la manila. Rangi ni ghali, kwa hiyo wengi wanachapa jalada kwa rangi na ndani nyeusi-nyeupe, kisha wanawapa watoto penseli za rangi wamalizie. Ni wazo zuri kuliko linavyosikika. Mtoto aliyempaka paka rangi hawezi kumkosa tena.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi. Ndiyo maana nashona. Kunja karatasi zote pamoja na jalada, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene: la kati, la juu, la chini. Anza ndani, tundu la kati, toa sindano nje. Iingize tundu la juu irudi ndani. Pitisha uzi ndani kwa ndani, uruke tundu la kati, utoke nje kwa tundu la chini. Kisha rudi ndani kwa tundu la kati. Sasa ncha mbili ziko ndani. Hakikisha moja iko upande huu wa ule uzi mrefu na nyingine upande ule, vuta, piga fundo juu yake. Uzi wa nailoni unateleza, fundo linafunguka. Tumia wa pamba, na uupitishe kwenye mshumaa kwanza.

Mkekani

Siku ya kusoma kwangu ni Jumamosi saa nne, nje ya duka, kwenye mkeka. Nashika kitabu kikitazama watoto, mimi nasoma kwa pembeni. Shingo inauma lakini wao ndio wenye kuona. Nataja jina la mwandishi na la mchoraji, maana watoto wengi wanadhani vitabu vinaota. Mara ya kwanza nasoma moja kwa moja, bila kuuliza, bila kueleza neno. Kugeuza ukurasa nawaachia wao, mmoja mmoja kwa zamu, na wasigeuze haraka, kwa sababu pale karatasi inapoinuka ndipo moyo unapodunda. Mara ya pili ndiyo ya kusimama, kunyata, kuhesabu vitumbua. Mara ya tatu kuna wakubwa wawili watatu ambao tayari wanasoma pamoja nami, na mdogo wa mwisho ameshalala.

Wakisema "tena", nasoma tena. Wasiposema, kitabu hicho nakiuza Jumatatu.

Kile cha bibi na vitumbua hakiuzwi. Nimekishona mara tatu, mara ya mwisho kwa uzi mwekundu kwa sababu mweupe uliniishia. Seloteipu sikuitia, inageuka njano, inakauka, inang'oka na wino. Jalada jipya ni manila ya kijani, tupu, na wiki iliyofuata nilikuta mtu ameshaliandika kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda: PAKA MWIZI. Jina lake la kwanza hakuna anayelikumbuka.